Kila Mshono Mara Mbili

Tarehe 3 Februari

Pini wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kumaliza kufungua bahasha. Huku hatujambo. Baba yako naye hajambo, goti lake ndilo lenye jambo. Limemfanya mtabiri wa hali ya hewa, na kila likitabiri jua, mvua inanyesha. Redio yake bado anaifungulia sauti mpaka nyumba ya nne wanapata habari bila kuwa na redio. Nimemwambia, kaka, umeshastaafu gereji, hakuna tena injini ya kushindana nayo. Akacheka, akaongeza sauti.

Mwambie mume wako ile suruali ya kufundishia nimeipunguza kiuno, lakini pindo nimeliacha kubwa. Mwalimu akianza kunenepa ataniletea tena, na mimi sipendi kushangazwa.

Sasa sikiliza. Karakana yetu inatimiza miaka hamsini. Unazikumbuka zile picha tatu mlangoni, juu ya saa: mwanzilishi, mwanawe, na yule mhasibu aliyekuwa hacheki. Basi wamekaa kikao wakaamua itundikwe ya nne, na ya nne ni yangu! Meneja aliponiita ofisini nilidhani nimekata vibaya mashati ya manesi. Akasema, "Fundi mkuu, miaka thelathini na moja, hakuna nguo iliyopita mikononi mwako ikarudishwa." Mimi, Pini. Mshonaji, tena mwanamke wa kwanza kwenye ukuta ule. Mpiga picha anakuja tarehe 30 Juni.

Nikaenda nikajitazama kwenye kioo cha chumba cha kupimia. Shavu la kulia ni la mtu wa miaka hamsini na sita, umri wangu huo, sina ugomvi nalo. La kushoto ni la mama yake. Unajua cherehani yangu ilipo, dirisha liko kushoto, na jua limenipiga shavu moja miaka yote hiyo. Lina madoa na mikunjo, kama kaki isiyopigwa pasi.

Binti wa vifungo anasema kuna krimu inaitwa retinoli. Wewe ndiye mfamasia, niambie ni kitu gani. Lakini kama ni ndugu wa mkorogo, chana barua hii. Unajua nilichoandika kwa chaki ukutani tangu yule msichana wa pasi aungue uso. Juu panasomeka KILA MSHONO MARA MBILI, chini yake HAPA HATUJICHUBUI. Siwezi kutundikwa juu ya maneno yangu halafu niyavunje.

Usinijibu kwa simu. Maneno ya simu huenda na upepo. Barua naisoma mara mbili, kisha inalala kwenye droo ya cherehani.

Mimi, shangazi yako


Tarehe 19 Februari

Shikamoo Shangazi,

Na shikamoo ya pili ni ya fundi mkuu wa ukutani. Barua yako niliisomea dirishani pa kutolea dawa, foleni ikiwa mpaka nje. Nikapiga ukelele, mzee mmoja akauliza kama dawa yake imekwisha. Nikamwambia, "Hapana, baba, ni shangazi yangu anatundikwa ukutani." Akanipa pole. Ikabidi nimweleze hadithi nzima, na foleni nayo ikasikiliza, na wote wanakupongeza.

Sisi ni wazima. Mwalimu ana madaftari mia moja na ishirini ya kusahihisha na anajifanya hayaoni. Nyumba bado inavuja pale pale. Baba mwambie goti si redio, lipumzishwe.

Retinoli ni ya ukoo wa vitamini A, wala haina undugu na mkorogo. Haibadilishi rangi ya mtu. Inaihimiza ngozi ifanye kazi yake yenyewe kwa haraka zaidi. Ya juu iliyochoka inapukutika, mpya inapanda, na kule chini zinasukwa upya zile nyuzi zinazoishikilia isilegee. Wewe ungesema inabadilisha bitana. Madoa yanafifia, mikunjo inapungua, lakini ni fundi wa polepole. Matokeo ni baada ya wiki kumi na mbili, pengine zaidi. Nimefurahi umeniuliza mapema.

Nimekutumia tyubu moja, ile isiyo kali. Paka usiku tu, maana mwanga unaiharibu na yenyewe inaifanya ngozi iogope jua. Osha uso, uache ukauke kabisa. Ngozi yako ni kavu, kwa hiyo tanguliza losheni yako ya kawaida. Kisha kamua kiasi cha punje moja ya njegere, hiyo hiyo kwa uso mzima. Usiifikishe kwenye macho, pembe za pua wala midomo. Usiku wa Jumatatu na wa Alhamisi, basi. Baada ya mwezi tutaangalia kama tuongeze. Na kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu, krimu ya kukinga jua, ambayo pia nimeiweka ndani ya kifurushi. Bila hiyo ni sawa na kudeki huku mtu anaingia na viatu vya tope. Ikikuchonyota sana, simamisha.

Usimgawie binti wa vifungo bila kumuuliza. Mjamzito haigusi kabisa, hata anayetafuta mimba anatakiwa aiache mapema, na anayenyonyesha pia.

Mimi niliianza mwaka juzi, baada ya ile mimba yangu kutoka. Siku zile uso wangu ulikuwa wa kulilia tu, nikaona afadhali niupake kitu. Ilinifaa. Tangu Desemba nimeiacha, napumzisha ngozi tu.

Najivunia wewe mpaka nachosha watu hapa.

Pini


Tarehe 14 Machi

Pini,

Marahaba. Kifurushi kilifika salama, nimeanza, inafanya kazi.

Kamera ya simu yangu imeharibika, msisumbuke kunipigia ya picha. Baba yako hajambo. Tuna oda ya sare za shule mbili, mashati mia nane, sina muda wa kuandika sana.

Hivi tyubu ile kwa kawaida mtu huimaliza baada ya muda gani? Nauliza tu.

Shangazi


Tarehe 29 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mashati mia nane yanakwenda vizuri. Hapa mvua imetufanya tupange ndoo sebuleni kama wapiga ngoma. Mwalimu anazipa alama, ya mlangoni ndiyo inaongoza.

Barua yako ina mistari saba. Wewe hujawahi kuniandikia mistari saba, hata uliponiandikia kunikemea.

Tyubu ile kwa punje ya njegere mara mbili kwa wiki inakaa zaidi ya miezi minne. Umekuwa nayo wiki mbili tu ulipouliza. Sasa naomba uibonyeze uniambie imebaki kiasi gani. Mpaka nipate jibu, ya pili situmi.

Halafu, Shangazi, mwalimu alikupigia simu ya picha Jumapili na ukapokea. Ulimwonyesha dari dakika tano nzima. Anasema ni dari safi.

Pini


Tarehe 24 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Sijapata jibu, na si kawaida yako. Jana nilimpigia Baba. Ameniambia, naandika maneno yake kama alivyoyasema: "Dada anavaa mtandio mpaka puani, hata akila anaunyanyua kidogo kama pazia. Anasema ni mafua. Mimi nina goti bovu, masikio bado mazima, na sijamsikia akipiga chafya hata moja."

Niambie tu. Sitacheka na sitagomba.

Pini


Tarehe 6 Mei

Pini,

Marahaba. Baba yako ulimi wake hauna mfupa, na nimeshamwambia hivyo kwa sauti iliyoshinda redio. Mengine ni salama.

Haya, mficha maradhi kifo humfichua.

Maagizo yako niliyasoma mara mbili na nikayaelewa, usidhani sikuelewa. Niliona tu yameandikwa na mtu mwoga. Punje ya njegere kwa uso mzima? Pini, mimi nina uso wa kutosha, njegere haivuki hata pua. Siku mbili kwa wiki? Mimi ambaye sijawahi kuacha mshono umepitwa mara moja, hata wa mfuko wa ndani usioonekana na mtu? Nikasema mtoto huyu amesoma sana akawa bahili. Nikapaka asubuhi na jioni, nikalirudia shavu la kushoto maana ndilo lenye kazi. Ile ya kukinga jua niliona ni ya watu wa ofisini, nikaitia kwenye droo.

Siku ya tano uso ukaanza kunivuta. Siku ya nane ukawa unachonyota, hata maji ya bomba nikayaogopa. Nikasema, ndiyo inaingia hiyo. Tyubu ikaisha. Sikungoja unitumie ya pili, nikaenda dukani nikanunua mwenyewe, na nikachagua yenye namba kubwa ya ukali. Wiki ya tatu uso ukaanza kubabuka, maganda yakawa yananidondokea juu ya kitambaa ninachokata. Chini yake pakatokea wekundu na mabaka ya ngozi changa. Nikavaa mtandio, nikasingizia mafua ya wiki sita.

Uso si kitu, ningeuvumilia. Ijumaa iliyopita nilifika kazini nikakuta mtu ameongeza kitu ukutani. Mwishoni mwa HAPA HATUJICHUBUI amechora alama ya kuuliza. Kubwa, kwa chaki yangu mwenyewe.

Na saa ya mapumziko binti wa vifungo akanifuata pale kwenye meza ya kukatia. Hakuwa na kejeli, afadhali angekuwa nayo. Akanong'ona, "Fundi mkuu, kumbe na wewe? Niambie basi unatumia ipi. Na mimi nilikuwa nataka kuanza, nilikuwa nakuogopa wewe tu."

Nikashika mkasi nikajifanya nakata. Mimi, Pini, nikamwacha amesimama pale! Miaka yote nimewaambia wasichana wale rangi zao ni nzuri, waache makopo ya vichochoroni, wakanisikiliza kwa sababu ni mimi nasema. Sasa nikiwaambia nilichopaka mimi ni kingine, nani ataamini, na uso ndio huu?

Nimeandika barua kwa meneja kwamba picha isipigwe. Sijampa bado. Iko kwenye droo, pamoja na tyubu mbili tupu na krimu yako ya jua ambayo haijafunguliwa.

Sijakukasirikia, labda kidogo.

Shangazi


Tarehe 17 Mei

Shikamoo Shangazi wangu, na pole. Pole ya kweli, hii haina kicheko ndani.

Salamu za nyumbani nitazituma siku nyingine. Kwanza uso. Usipake retinoli yoyote, hata tone. Osha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni kali. Paka mafuta mazito yasiyo na manukato asubuhi na jioni, hapo nakuruhusu mara mbili na hata tatu. Kaa mbali na mvuke wa pasi. Vuta pazia la dirisha lako, na kuchonyota kukiisha uanze ile krimu ya jua iliyofungwa kwenye droo. Ukiona pahali panatoa maji au panavimba, usiniandikie, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama hapana, ngozi itarudi yenyewe. Tuna wiki sita kabla ya tarehe 30.

Nusu ya kosa ni yangu. Nilikuandikia kama ninavyowaandikia wagonjwa, nikasahau naandikia mtu gani. Mimi niliyekulia chini ya meza yako ya kukatia ningejua kwamba ukiambiwa kidogo utasikia uvivu. Ilinipasa niseme kwa lugha yako. Ngozi si kaki, Shangazi. Ni kile kitambaa chepesi cha shela ambacho hukuwahi kuniruhusu nikiguse, ukisema sindano ikipita mara ya pili pale pale, inaacha tundu.

Sasa la pili. Unakumbuka likizo ile nilipokuwa na miaka kumi, ukanipa mifuko ya mashati ya shule? Nikaishona mifuko kumi na miwili midomo yote, tena kila mmoja mara mbili, na nikaja kukuonyesha kwa maringo. Ulinipandisha juu ya stuli mbele ya mafundi wote, nikasema, "Nimeshona mifuko isiyoingia mkono." Walicheka mpaka mashine zikasimama. Nikadhani nitakufa. Halafu ukakaa na mimi, ukanipa mkasi mdogo, tukafumua mpaka kengele ya kutoka. Ukaniambia kila fundi anakosea, ila fundi wa kweli anafumua mbele za watu.

Ile stuli bado ipo?

Yule binti hajanunua kopo lake bado. Alikuja kukuuliza wewe kwanza. Mjibu kabla hajauliza mwingine.

Siku ya picha sitaweza kuja. Kazi ni nyingi na safari ni ndefu. Naomba usinipigie kuniuliza zaidi, nitasikitika nikikujibu.

Pini wako


Tarehe 4 Julai

Pini wangu, Pini, Pini,

Marahaba mara nyingi! Baba yako mzima, tena amenunuliwa redio mpya na jirani wa kushoto, yenye vidude vya kuvaa masikioni. Hajaelewa kwamba si zawadi, ni ombi. Anaivaa na kuimba kwa sauti, kwa hiyo sasa tunamsikiliza yeye badala ya redio.

Stuli ipo. Imetiwa mguu mmoja mpya, kama baba yako anavyostahili. Jumatatu moja mwishoni mwa Mei, kabla mashine hazijawashwa, niliivuta katikati, nikapanda, nikavua mtandio. Watu arobaini na tatu wakanigeukia. Nikawaambia, "Huu uso mnaoutazama nimeuharibu mwenyewe. Sikujichubua. Nilipewa dawa nzuri na mtoto wangu ambaye ni mfamasia, akaniambia kidogo na mara chache, nikajifanya najua kuliko aliyesomea. Nimeshona mfuko usioingia mkono." Mafundi wa zamani wakakumbuka, mmoja akaanza kucheka, nami nikacheka, ikawa kicheko cha karakana nzima. Pini, niliposhuka nilikuwa mrefu kuliko nilipopanda.

Binti wa vifungo akafungua pochi yake mbele ya wote, akatoa kopo lisilo na hata lebo. Kumbe alikuwa ameshalinunua, ila hajalifungua. Akauliza, "Na hili, fundi mkuu?" Zamani ningelitupa nje nikahubiri. Safari hii nilimwambia mimi ni fundi wa nguo, ngozi ina mafundi wake, twende dirishani hospitali tukaulize. Tukaenda saa ya chakula. Mfamasia wa pale alilisogeza mbali na pua kabla ya kujibu. Lilibaki kwenye pipa lao la taka.

Ukutani ile alama ya kuuliza walitaka kuifuta. Nimekataa. Nimewaambia ibaki, watu waulize.

Barua ya meneja niliichana. Nilifuata maagizo yako kama mtoto wa darasa la kwanza, pazia, mafuta, krimu ya jua kila asubuhi. Kufikia katikati ya Juni uso ulikuwa umetulia. Haukurudi ujana, Pini. Madoa yapo, mikunjo ipo, ila ni uso wangu na hauumi.

Mpiga picha alikuja na taa zake. Akanizungusha kama nguo kwenye hanga, kisha akasema, "Mama, geukia huku, upande wa kulia umekaa vizuri zaidi." Nikamwambia, "Kijana wangu, nipige kushoto. Upande wa dirisha ndio uliofanya kazi." Niko juu ya saa sasa, kando ya mhasibu asiyecheka, na mimi nimecheka kwa niaba yake. Nakala yako iko ndani ya kifurushi. Nikipita mlangoni asubuhi najitazama, sioni aibu kukwambia. Najivuna!

Sasa nisikilize vizuri, na hili nitaliandika polepole.

Unajua barua nazisoma mara mbili. Juzi nilitoa zote za mwaka huu kwenye droo. Ya Februari umeniambia nani huwa anaiacha retinoli. Mistari miwili chini yake umeniambia wewe umeiacha tangu Desemba. Mei umekataa kusafiri na umenikataza kuuliza. Wewe hukosi sherehe ya shangazi yako kwa sababu ya kazi.

Sitauliza. Mwaka juzi uliponiambia mwezi wa pili tu, nilitangaza karakana nzima siku hiyo hiyo, kwa furaha yangu. Yalipotokea yale, ulikuja kunitembelea ukapokea pole za watu arobaini, mmoja mmoja, kila mmoja akikufungulia kidonda. Nilikuona. Kosa lile ni langu, na miaka miwili sijalisema. Nalisema leo, nisamehe, mwanangu.

Kwenye kifurushi, chini ya picha, kuna kitu kimefungwa kwa kitambaa cha bluu. Usikifungue. Utakifungua siku yake ikifika, na isipofika, kirudishe kimefungwa na hatutasema neno.

Shangazi yako


Tarehe 21 Julai

Shikamoo Shangazi,

Picha nimeitundika sebuleni, mahali pasipovuja. Mwalimu amesimama mbele yake akasema, "Huyu hata picha yake inanipima kiuno." Nyumbani wote wazima.

Ni wiki ya ishirini na tatu. Nimepita pale tulipokwama mwaka juzi. Nilikuwa nimeambiwa nisisafiri, na nilikuwa naogopa hata kuandika, kana kwamba wino utaamsha kitu. Kilichofungwa nimekiweka juu ya kabati, sijakigusa.

Hakuna cha kusamehe, lakini kwa kuwa umeomba, nimesamehe. Nimelia kidogo na nimelala vizuri.

Pini


Tarehe 5 Agosti

Pini,

Marahaba. Nimeisoma mara mbili, nimeifungia kwenye droo, ufunguo uko shingoni mwangu. Hata kaka yangu sijamwambia, na unajua ninavyopata taabu kuwa na habari ambayo redio yake haina.

Kula vizuri. Kaa chini.

Shangazi


Tarehe 19 Novemba

Shikamoo Shangazi,

Mwambie Baba sasa. Mwambie na karakana, panda stuli kabisa ukipenda. Simu ya mwalimu ya wiki iliyopita ilikuwa ya kelele tu, mwenyewe anasema alipiga akasahau la kusema, ukamsikia akilia ukaelewa. Basi habari yenyewe kwa utulivu ni hii. Ni msichana, kilo tatu na kidogo, tarehe 11, asubuhi. Ana kidevu cha Baba na sauti ya redio yake. Mimi niko salama.

Uso wangu umechoka, una madoa mapya ya ujauzito hapa juu ya mashavu. Mwalimu aliniuliza kama nitarudia ile krimu. Nikamwambia mpaka nimalize kunyonyesha, na hata hapo punje ya njegere. Bibi wa huyu mtoto ananitazama kutoka ukutani, siwezi kudanganya.

Kitambaa cha bluu nilikifungua siku ya tatu, tulipotoka hospitali. Vigauni sita, vya pamba nyeupe, na kofia mbili. Nilifanya ulivyonifundisha, kabla ya kusifu nguo igeuze ndani nje uangalie mishono. Nikaikagua yote dirishani, mtoto akiwa amelala mapajani. Pindoni umepita mara mbili. Begani mara mbili. Lakini shingoni na kwapani, pale panapogusa ngozi yake, umepita mara moja tu, ukaulaza mshono upande wa nje usimkwaruze.

Nilihesabu vyote sita, Shangazi. Mara moja tu, vyote. Miaka yote niliyokufahamu, sijawahi kuona mkono wako ukiacha mshono umepitwa mara moja.

Nimemvisha. Hakulia.

Pini